Historia ya parachuti inayojifungua yenyewe (na swali la binamu yangu)

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu programu, seva, na malalamiko yangu ya stima kupotea katikati ya kazi. Leo tutapanda juu kidogo. Futi 13,000 hivi.

Wa kulaumiwa ni binamu yangu. Yuko Dubai kikazi, na tangu mwaka jana ameshikwa na homa ya kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti. Ana miruko 31 na leseni A mfukoni. Juzi alinipigia simu saa nne usiku. Amepata mtu anayeacha mchezo na anauza kila kitu: mkoba wa mgongoni na mikanda yake, parachuti kuu, parachuti ya akiba, na "ile tarakilishi ndogo inayokufungulia parachuti ukizimia." Bei ni nzuri. Parachuti kuu ni ndogo kuliko ile anayokodi sasa, lakini hilo halimtii wasiwasi.

"Si kuna tarakilishi?" akaniuliza. "Wewe ndiye mtu wa programu. Niambie, hiyo kitu inaweza kukosea?"

Mimi sijawahi kuruka. Mara moja niliwatazama watu wakitua ufukweni Diani, nami nimekaa mchangani na dafu langu mkononi, na hapo ndipo ujasiri wangu unapoishia. Lakini swali lilinikosesha usingizi, nikaanza kusoma. Nilichokipata ni historia ya zaidi ya miaka 200 ambayo mtu yeyote aliyewahi kurekebisha hitilafu kwenye programu ataitambua mara moja.

Tundu kwenye kitambaa

Tarehe 22 Oktoba 1797, katika bustani ya Monceau mjini Paris, Mfaransa André-Jacques Garnerin alipanda kwa puto hadi kimo cha karibu mita 1,000, kisha akakata kamba. Alikuwa ndani ya kikapu kilichoning'inia chini ya mwavuli mkubwa wa kitambaa. Alifika chini akiwa hai, lakini kikapu kiliyumba njia nzima kama mtoto kwenye bembea. Hewa iliyonaswa ndani ya mwavuli haikuwa na pa kutokea, kwa hiyo ilimwagika upande huu, halafu upande ule.

Dawa iliyopatikana baadaye inachekesha kwa urahisi wake: toboa tundu kileleni. Hewa itoke hapo polepole, na mwavuli utulie. Yaani kitambaa kilichotobolewa kiligeuka kuwa salama kuliko kizima.

Si kila mbunifu alikuwa na bahati ya Garnerin. Tarehe 4 Februari 1912, fundi cherehani aitwaye Franz Reichelt alisimama kwenye ghorofa ya kwanza ya mnara wa Eiffel akiwa amevaa vazi la parachuti alilolishona mwenyewe. Majaribio yake ya awali kwa vinyago yalikuwa yameshindwa. Polisi walimruhusu wakidhani kwamba siku hiyo pia angetupa kinyago. Akaruka mwenyewe, kutoka karibu mita 57, mbele ya kamera ya filamu, na akafa. Sisi waandishi wa programu tuna tabia ya kujaribu kitu kipya moja kwa moja kwa wateja halisi. Reichelt ni ukumbusho wa namna tabia hiyo inavyoonekana pale mteja anapokuwa ni mwili wako.

Mkono

Parachuti za kwanza za kwenye ndege zilifunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege yenyewe. Unaruka, kamba inakaza, parachuti inatoka. Wengi waliamini kwamba haiwezekani kufanya vingine, kwamba mtu akianguka hewani bila parachuti kufunguka mara moja atapoteza fahamu, na hataweza kuvuta chochote.

Tarehe 28 Aprili 1919, katika uwanja wa McCook mjini Dayton, Ohio, Mmarekani Leslie Irvin alitoka kwenye ndege iliyokuwa kwenye futi 1,500 hivi, akaanguka, akavuta kishikio kwa mkono wake, na parachuti ikafunguka. Hakuzimia. Alivunjika kifundo cha mguu wakati wa kutua, lakini hoja ilikuwa imethibitishwa. Mwaka 1922, rubani Harold Harris aliokoa maisha yake kwa parachuti ya aina hiyo baada ya ndege yake kuharibika angani, karibu na uwanja huo huo.

Ushindi mkubwa. Lakini tazama kilichotokea hapo. Zamani uhai wako ulitegemea kamba. Sasa ulitegemea mkono wako, na kichwa kinachouamuru mkono huo. Itakuwaje mkono usipovuta? Itakuwaje mtu akigongwa kichwani, au akibiringika hadi asijue juu ni wapi, au akikazana kutafuta kishikio asichokiona huku sekunde zikiyoyoma?

Mashine ambazo mabingwa walizikataa

Jibu la wazi ni mashine. Katika miaka ya 1930, ndugu wa ukoo wa Doronin katika Umoja wa Kisovieti walitengeneza kifaa cha kufungua parachuti bila mkono wa mtu. Vifaa vya baadaye vya nchi hiyo, na baadhi ya vile vya Marekani vya miaka ya 1960 na 1970, vilitumia njia kama hizi: springi, saa ya kuhesabu sekunde, na kijikopo cha chuma kinachojibana hewa inapozidi kuwa nzito kadiri unavyoshuka.

Wanafunzi walifungiwa vifaa hivyo. Waliobobea wakavikataa. Nilipoanza kusoma nilidhani ni kiburi tu, lakini hapana. Springi na kijikopo havina uhakika wa kutosha. Kifaa kilichopangwa kufyatuka kwenye kimo fulani kiliweza kufyatuka juu zaidi au chini zaidi. Kikifyatuka sekunde ile ile unapofungua parachuti kuu, unapata parachuti mbili kichwani, na mbili zikisokotana si parachuti tena, ni furushi la nguo. Kikifyatuka juu ukiwa katikati ya kundi, aliye juu yako anaweza kukugonga kwa kasi ya kilomita 190 kwa saa.

Kwa lugha yetu: kifaa kilikuwa na makosa ya aina mbili, kutofanya kazi kinapohitajika na kufanya kazi kisipohitajika, na kosa la pili liliweza kuua kama la kwanza. Bingwa aliyeamini mkono wake kuliko springi alikuwa amepiga hesabu, wala hakuwa mjinga.

Pete tatu

Wakati huo huo tatizo jingine lilikuwa linatatuliwa Florida. Parachuti kuu ikifunguka vibaya, inabidi uiachie kabla hujafungua ya akiba, la sivyo zitanasana. Vifaa vya kuachia vilivyotoka jeshini vilikuwa vya chuma mabegani, kulia na kushoto, na ilibidi ufungue kila kimoja. Jaribu kufanya hivyo huku unazungushwa kama tiara iliyokatika uzi.

Katikati ya miaka ya 1970, Bill Booth alibuni mfumo wa pete tatu. Pete kubwa hupitishwa ndani yake pete ya kati, ya kati hupitishwa ndogo, na ndogo hushikwa na kitanzi cha uzi. Kila pete ni wenzo, kwa hiyo mzigo mzito wa mtu anayening'inia hupungua kwenye kila hatua hadi kitanzi cha mwisho kinabeba nguvu ndogo sana. Unavuta kishikio kimoja, mabega yote mawili yanaachia. Hakuna betri wala springi. Nusu karne baadaye, pete hizo bado ziko kwenye mabega ya karibu kila mrukaji duniani. Laiti ningeandika programu moja tu itakayodumu hivyo.

Tarakilishi ya Mjerumani

Katikati ya miaka ya 1980, Mjerumani Helmut Cloth, mrukaji na mtu wa elektroniki, alimpoteza rafiki yake katika ajali ya kuruka. Aliamua kutengeneza kifaa ambacho hata bingwa angekubali kukivaa. Kampuni yake, Airtec, ilikileta sokoni mwaka 1991 kwa jina la CYPRES.

Ndani mna kihisi cha shinikizo la hewa, tarakilishi ndogo, na kisu kidogo kinachosukumwa na baruti. Ukikiwasha asubuhi uwanjani kinapima shinikizo na kukumbuka, "hapa ndipo ardhi ilipo." Baada ya hapo hupima hewa tena na tena, na kutokana na mabadiliko ya shinikizo hukokotoa kimo chako na kasi unayoshuka nayo. Kiini cha uamuzi wake, katika toleo la warukaji wenye uzoefu, ni hiki:

kama kimo < mita 225 NA kasi > mita 35 kwa sekunde:
    kata kitanzi

Basi. Kitanzi hicho ndicho kinachofunga mkoba wa parachuti ya akiba. Kikikatwa, springi inarusha nje kiparachuti kidogo, nacho kinaivuta parachuti yenyewe.

Tazama ile NA. Baadhi ya vifaa vya zamani viliuliza, "tumefika wapi?" Hiki kinauliza pia, "tunashuka kwa kasi gani?" Mtu anayeanguka kifudifudi bila parachuti hushuka karibu mita 54 kila sekunde. Mtu aliye chini ya parachuti iliyofunguka vizuri hushuka mita chache tu. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo kubwa, na Cloth aliweka mpaka wake ndani ya pengo hilo. Kazi ngumu ilikuwa kuifanya tarakilishi isidanganyike. Mgongoni mwa mtu anayeanguka kifudifudi hewa ni nyepesi kuliko ile inayompiga kifuani, kwa hiyo mtu akijigeuza tu, kifaa huona kimo kikiruka makumi ya mita. Programu lazima ijue kwamba huo si ukweli.

Mabingwa walikubali. Polepole kile "kifaa cha wanafunzi" kikawa kitu cha kawaida, na viwanja vingi sasa havikuruhusu kupanda ndege bila kifaa cha aina hiyo. Wapo wanaotembea leo kwa sababu ya mstari ule mmoja wa programu.

Hata hivyo, piga hesabu. Mita 225 ukigawanya kwa 54 unapata sekunde nne na kidogo. Katika sekunde hizo nne kisu kikate, kiparachuti kiruke, kitambaa kijae hewa. Kifaa hiki hungoja mpaka mwisho kabisa kwa makusudi, ili kisikuingilie ukiwa bado unajiokoa mwenyewe.

Kifo kilihamia wapi

Yule yule Bill Booth wa pete tatu ana kanuni inayojulikana kwa jina lake. Kwa maneno yangu, inasema kwamba kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama, ndivyo warukaji watakavyozidi kujihatarisha, mpaka vifo virudi pale pale vilipokuwa.

Katika miaka ya 1990 kanuni hiyo ilionekana kwa macho. Parachuti za kisasa si mwavuli tena. Ni bawa la kitambaa lenye vyumba vinavyojazwa na upepo, wazo lililotoka kwa Domina Jalbert mwaka 1964. Bawa huendeshwa, na bawa dogo huenda kasi. Warukaji wakaanza kununua madogo zaidi na zaidi, na kupiga kona kali karibu na ardhi ili waingie uwanjani kwa mbio. Idadi kubwa ya waliokufa sasa walikufa chini ya parachuti nzima, iliyofunguka bila dosari. Tarakilishi ilikuwa mgongoni mwao, ikifanya kazi, na haikuwa na la kufanya. Swali lake ni moja tu, na jibu lilikuwa "kila kitu kiko sawa" hadi dakika ya mwisho.

Kisha likaja jambo ambalo msanidi programu yeyote atalisoma huku ameshika kichwa. Mpaka ule wa mita 35 kwa sekunde uliwekwa kwa imani kwamba hakuna mtu atakayeshuka kwa kasi hiyo chini ya parachuti iliyofunguka. Miaka ilivyosonga, wataalamu wa kutua kwa mbio waliifikia. Ikabidi Airtec itoe toleo jingine, Speed, lenye mpaka wa juu zaidi, kwa ajili yao. Programu ya mwanzo haikuwa na hitilafu. Dunia ndiyo iliyohama kutoka kwenye dhana iliyoandikwa ndani yake.

Kilichopunguza vifo

Je, Booth alikuwa sahihi? Kwa sehemu. Nchini Marekani, ambako chama cha warukaji, USPA, huweka takwimu, miaka ya 1970 ilikuwa na wastani wa vifo zaidi ya 40 kwa mwaka. Mwaka 2023 walikufa 10, katika miruko milioni 3.65 hivi. Vifo vimeshuka kweli. Vifaa vilichangia, lakini havingetosha peke yake. Kona za chini hazizuiwi na kifaa chochote mgongoni.

Kilichobadilika pia ni desturi. Mafunzo ya kuendesha parachuti iliyofunguka yakawa sharti la leseni B. Mwenye leseni A anatakiwa awe amefungua parachuti kabla ya kushuka chini ya futi 3,000, na ikiwa kuna tatizo awe ameshaamua la kufanya ifikapo 2,500. Kamera, wanashauri usubiri hadi miruko 200, na kwa yale mavazi yenye mbawa miruko 200 ni sharti. Na ajali huandikwa, kwenye jarida la chama, bila kuficha kosa, ili mwingine asilirudie. Sisi tunaofanya kazi na seva tunajua jinsi ilivyo vigumu kuandika ripoti ya aina hiyo, hata kama kilichokufa ni tovuti tu.

Kuna tukio moja ambalo bado linanisumbua. Mwaka 1988, huko North Carolina, mpiga video aliyekuwa na mamia ya miruko alitoka kwenye ndege akiwa na mtambo wake wote wa kurekodi, bila parachuti. Alisahau kuivaa. Watu walikuwa naye ndani ya ndege na hakuna aliyeliona hilo. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kukagua vifaa mara tatu: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda, kabla ya kuruka. Na kwa sababu huwezi kuona pini za mgongo wako mwenyewe, unamwomba mwenzako akuangalie. Bingwa wa miruko 5,000 anaweza kukaguliwa na mwenye miruko 31, na akiambiwa kitu hakiko sawa, anashukuru. Kushuka na ndege si aibu.

Jibu langu

Nilimpigia binamu yangu Ijumaa. Nilimwomba namba tatu: uzito wake, uzito wa vifaa, ukubwa wa parachuti anayouziwa. Yeye ni kilo 80, vifaa kilo 12, jumla pauni 203. Parachuti ni futi za mraba 150. Ukigawanya unapata 1.35. Ile anayokodi ni 210, na hesabu yake haifiki 1, kiwango ambacho wakufunzi wengi hawapendi anayeanza akivuke.

"Sasa hiyo tarakilishi inasaidia nini?" akauliza.

Nikamwambia inasaidia sana, kwa jambo moja. Ukizimia, au ukipoteza hesabu ya kimo, itajaribu kukuokoa na sekunde nne mkononi. Lakini haijui kama umenunua bawa linalokuzidi, wala kama unakaribia kupiga kona ya mwisho chini mno kwa sababu mtu amekukatia njia. Hayo yote yanatokea baada ya yenyewe kuridhika. Swali la "inaweza kukosea?" ni dogo. Swali la kujiuliza ni, siku isipokosea, nini kingine kitakuwa kimebaki mikononi mwako?

Alikaa kimya kidogo. Akasema muuzaji ana mteja mwingine na anataka jibu Jumapili. Nikamwambia amwachie huyo mteja mwingine. Au anunue mkoba na ile tarakilishi peke yake, baada ya fundi wa parachuti mwenye leseni kukagua kila mshono, na parachuti ya akiba nayo ipimiwe uzito wake, kwa maana siku ya mkosi ndiyo atakayotua nayo. Na kabla ya yote amwonyeshe mkufunzi wake zile namba tatu, si mimi, mimi ni mtu wa dafu tu.

Jana amenitumia ujumbe mfupi: mkufunzi amemwambia, "210, mpaka nitakaposema." Hakufurahi. Mimi nimefurahi.

Hadi wakati mwingine wasomaji, na tukijaliwa tutarudi kwenye seva zetu, ambazo zikianguka huwa tunaziwasha tena.